Kushuka mto Songwe kwa mtumbwi toka Kasumulu mpaka Ziwa Nyasa na kulala njiani, naomba ushauri

Kijana_wa_Soweto

Wakuu habari za jioni. Tupo watu sita, wote tunaishi Mbeya mjini, wanaume wanne na wadada wawili, na tumezoea kupanda milima, Loleza, Ngozi, Rungwe, sasa safari hii tunataka maji. Wazo letu ni kuingia mto Songwe pale chini ya daraja la Kasumulu tushuke taratibu mpaka unapomwaga Ziwa Nyasa, tunalala njiani usiku mmoja au miwili kwenye matenti, alafu tukitokea ziwani tunakata kushoto tunafuata ufukwe mpaka Matema ambako gari litakua linatusubiri.

Tunayo boti moja ya mpira ya kupuliza inabeba watatu, nyingine tunafikiria kukodi mtumbwi wa mbao huko huko Kyela. Ninachotaka kujua ni mwezi gani maji yanakua sio mengi sana ila pia sio ya kukwama kila hatua mbili, maana nimeangalia picha za setilaiti nikaona mchanga mwingi kuliko maji. Alafu hili la mpaka, upande wa pili ni Malawi, tukipiga kambi kwenye mchanga wa katikati tunahesabika tupo wapi? Na kuna mamba kweli au ni stori za kutishana? Tunafikiria kwenda Julai kwenye sabasaba sababu ndo wengi tunapata likizo.

Mwenye uzoefu na ule mto aseme chochote, hata kama ni kutukataza atukataze na sababu zake.

Mpiga_Upondo

Mkuu karibu Kyela. Mimi nimezaliwa na kukulia kandokando ya huo mto, shamba la mpunga la mzee linapakana nao, kwaio nitaandika kirefu nisamehe.

Safari inawezekana na ni nzuri sana ila mpango wako umeupanga kama mtu anayeangalia maji tu. Songwe ya chini ina watu kingo zote mbili, wanalima mpunga, wananywesha ng'ombe, wanavua, wanafua, wanavuka kwenda kusalimia shangazi upande wa pili. Hamna pori la kujificha useme nimepiga kambi sijulikani. Usiku ukiwasha tochi kwenye mchanga kijiji kizima kinajua kuna wageni, na kwa sababu ni mpaka na njia za panya zipo za magendo, wageni sita wenye mizigo mikubwa usiku mtoni hawafikiriwi kuwa watalii. Sasa kabla hujawaza mtumbwi waza utajulikana kwa nani.

Nenda mapema, hata wiki moja kabla, mmoja wenu apande coaster ashuke Kasumulu aongee na uhamiaji na polisi pale, awaambie tupo wangapi, tunaingia siku gani, tunatokea wapi. Usianzie chini ya daraja lenyewe. Pale ni eneo la ulinzi, ukishusha boti na begi pale utaulizwa mpaka jioni, na kupiga picha daraja na ofisi za mpaka usijaribu. Shuka kwenye kijiji cha chini yake kidogo, onana na mwenyekiti wa kijiji, huyo atakupigia simu mwenyekiti wa kijiji kinachofuata na huyo atampigia mwingine, hapo safari yako imeshafunguka na pa kulala umeshapata.

Suala la mchanga wa katikati. Ule mto unahama. Kila masika unakata kona mpya unaacha kona ya zamani ikiwa bwawa, kuna mashamba ya Watanzania leo yapo ng'ambo na ya Wamalawi yapo huku, ndo maana serikali mbili zikaanza huo mpango wa pamoja wa bonde la Songwe wa kutuliza kingo. Kwaio fungu la mchanga la leo usiulize ni la nani, usilale juu yake basi. Lala upande wa Tanzania, kwenye ardhi ya juu, karibu na nyumba za watu. Mtumbwi ukifuata mkondo wa kina utakupeleka mpaka kwenye ukingo wa Malawi mara nyingi tu, kuelea hakuna anayekuuliza ila kushuka ukatia mguu nchi kavu, ukanunua ndizi, hiyo ni kuvuka mpaka nje ya kituo na ni kosa. Mwenyeji wa kijijini anavumiliwa, wewe mwenye jaketi okozi la rangi ya chungwa huvumiliwi.

Julai iache. Nitaeleza baadae kidogo nipo naendesha.

Kitonga_Juu

Mimi nipo Iringa, Songwe sijawahi ila tumeshazoea kambi kando ya Ruaha Mdogo na mito mingine huku. Naomba nitofautiane na mkuu hapo juu kuhusu mchanga. Fungu la mchanga ndo sehemu safi kuliko zote, hamna majani, nyoka unawaona, upepo unapita kwaio mbu wanapungua, na asubuhi unaamka mtumbwi upo hapo hapo. Ukilala kijijini unakua umeenda kutembelea kijiji sio kambi. Mi ningesema mlale mchangani ila upande wa ukingo wa Tanzania, msogee juu mita kadhaa toka maji yalipo.

Kuhusu vyombo, mtumbwi wa mbao ndo mzuri kwa maji mafupi. Boti ya mpira inapanda juu ya mchanga vizuri ila kisiki kimoja tu imekwisha.

Mpiga_Upondo

@Kitonga_Juu ndugu yangu nakuelewa, ila mto huu usiufananishe na wa kwenu. Sababu ya kwanza ni mvua ya juu. Songwe unatoka milimani huko Ileje na Mbozi, unashuka toka zaidi ya mita elfu mbili mpaka ziwani kwenye mita 475 hivi, na ukifika kwetu bonde limelala tambarare. Kyela inaweza kuwa kavu nyota zinawaka, kumbe juu imenyesha mchana, usiku maji yanakuja rangi ya chai ya maziwa na magogo ndani yake. Hayapigi hodi. Mita kadhaa toka maji yalipo sio kitu pale kwa sababu fungu lote lina urefu wa goti. Sababu ya pili, huo mchanga safi unaousifia mamba nao wanaupenda, ndo wanapoota jua, ukikuta mchanga una mburuzo mpana katikati na alama za makucha pembeni ujue hapo pana mwenyewe. Na viboko wakitoka usiku kwenda kula majani wana njia zao zimechimbika kwenye ukingo, ukiweka tenti kwenye mdomo wa njia hiyo hakuzunguki.

Kwaio @Kijana_wa_Soweto jibu la mamba ni ndio wapo, viboko pia, hasa ukikaribia ziwani kwenye matete. Watu wanaliwa, sio stori.

Sasa miezi. Kyela mvua ni nyingi kuliko Mbeya mjini, mvua kubwa Machi mpaka Mei na Juni bado inadondoka, ni zaidi ya milimita elfu mbili kwa mwaka. Julai maji mtoni bado yapo vizuri na kwa mto peke yake ungesema ni mwezi mzuri, shida ni ziwa. Kuanzia Mei mpaka Agosti ndo msimu wa mwera, upepo wa kusini unaotembea urefu wote wa ziwa bila kizuizi, Ziwa Nyasa lina zaidi ya kilomita 500 kwa urefu na sisi tupo ncha ya kaskazini, mawimbi yote yanaishia kwetu. Mlango wa mto unapokutana na mawimbi hayo ndo mitumbwi inapopinduka, mkondo unasukuma nje, wimbi linasukuma ndani, na chini kuna mchanga. Wavuvi wazoefu wanalala nyumbani siku hizo.

Nenda kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Oktoba. Utakwama ndio, utashuka kusukuma, ila maji yanakua yametulia na unaona chini. Novemba mwishoni usithubutu mvua za juu zinaanza.

Mama_Mpunga

Wanangu nimesoma nikaona niseme neno. Mimi ni mama wa Ipinda, mashamba yangu ya mpunga na kokoa yapo huku na ndugu zangu wa kuolewa wapo kule Songwe. Huyo kijana wa upondo amesema kweli tupu msimpuuze.

Nnachoongeza mkifika kijijini msianze na tenti, anzeni na salamu. Muulizeni mwenyekiti au balozi nyumba ipi ina uwanja mkubwa, mtapewa uwanja, mtapewa maji ya kisima, na mtu wa kulala macho mtoni kuangalia mtumbwi wenu mtapata kijana mumlipe kitu kidogo. Kuni msikate kwenye kokoa za watu. Mpunga ukiwa umevunwa mashamba yanakua wazi lakini msikanyage matuta ya maji hata kama yamekauka, mtu ameyajenga kwa jembe siku nyingi. Na mnunue chakula kwao, msije na kila kitu toka supamaketi ya Mbeya, mchele wa Kyela mnaupata shambani unanukia mpaka nyumba ya tatu, ndizi zipo, kuku yupo. Hivyo ndo mtapokelewa na safari ijayo mtaitwa kwa majina.

Wadada nao wasioge mtoni jioni kwa kuona wenyeji wanaoga. Wenyeji wanajua ni sehemu ipi na saa ngapi. Chota maji na ndoo yenye kamba ukiwa umesimama mbali, kaogee uwanjani.

Kijana_wa_Soweto

Aisee ndaga fijo wote, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Mama shikamoo, tumekusikia, tutaanza na salamu.

Tumeongea kwenye group letu Julai tumeifuta, tunaangalia Septemba. Mkuu @Mpiga_Upondo naomba unisaidie mambo mawili, mtumbwi wa kukodi unatakiwa uweje, na ule mpango wa kutokea ziwani mpaka Matema bado unaukubali au nao nifute? Alafu kuna mtu kaniambia kuna sehemu ya Songwe karibu na uwanja wa ndege wa Mbeya tungeanzia huko iwe safari ndefu zaidi, hili nalo likoje?

Mwl_Isongole

Hilo la uwanja wa ndege naomba nilijibu mimi maana nafundisha jiografia huku Ileje na linachanganya watu wengi. Mito ya Songwe ni miwili. Huo unaopita karibu na uwanja wa ndege unaenda kaskazini unamwaga Ziwa Rukwa, hauhusiani kabisa na huu wa mpakani. Ukianzia huko utajikuta Rukwa.

Huu wa mpakani una urefu wa kilomita 200 hivi, na umekua mpaka tangu makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890 yaliposema mstari upande mto Songwe kutokea ziwani. Sehemu ya juu huku Ileje mto ni mdogo, una mawe, alafu katikati unaingia kwenye makorongo yenye maporomoko kabla haujatoka bondeni Kyela. Msijaribu kuanzia Isongole na mtumbwi. Njooni mtembee kwa miguu kandokando ni pazuri mno, ila chombo cha maji kianzie bondeni tu. Na kwa anayetaka kujua zaidi kuhusu mabadiliko ya mto, ile kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe ambayo mkataba wake ulisainiwa 2017 ina ofisi Kyela, mkipita muwasalimie, wale wanaujua mto kona kwa kona.

Mpiga_Upondo

Asante mwalimu. Nianze na Matema, hapana. Toka mlango wa Songwe mpaka Matema unakata ncha yote ya ziwa, unapita mlango wa Kiwira, Itungi, mlango wa Mbaka, mlango wa Lufilyo, na kila mlango una matete na viboko wake. Hiyo ni safari nyingine ya watu wengine wenye boti ya injini. Nyie ishieni kijiji cha mwisho kabla ya mlango wa mto, msitoke ziwani na mtumbwi hata maji yakiwa kama kioo, maana ziwa linabadilika mchana. Gari liwafuate hapo, mpakie mizigo, Matema mnaenda kwa barabara kupitia Ipinda mnafika jioni mnaoga ziwani vizuri mnaangalia milima ya Livingstone. Ikiwa Jumamosi mtakuta gulio la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo.

Mtumbwi sasa. Tafuta mpana sio mrefu. Wa kuchonga kwa gogo moja ni mzito ila haupasuki ukigonga kisiki, wa mbao za kuunga ni mwepesi kusukuma ila angalia maungio kama pamba na lami vimekaza, uweke majini uache nusu saa uone unaingiza maji kiasi gani. Usikodi mtumbwi peke yake, kodi na mwenyewe. Hili nasisitiza sana wakuu. Mwenye mtumbwi anajua mkondo ulipo mwaka huu, ramani ya simu inakuonyesha mkondo wa miaka mitatu nyuma. Watu wawili na mwenyewe kwenye mtumbwi mmoja, sio wanne, kwa sababu kwenye maji mafupi kila mtu anayeongezeka ni kukwama mara mbili. Kwaio mnahitaji mitumbwi miwili na hiyo ya mpira ibaki na mizigo myepesi na mtu mmoja au wawili.

Kafi kwenye maji mafupi halina kazi, unapiga mchanga tu. Unatumia upondo, mti mrefu mnyoofu, hata mwanzi unafaa, unasimama nyuma unausimika unasukuma, na usiukumbatie ukinasa kwenye tope, uachie, maana mtumbwi unaenda wewe unabaki. Kusoma maji, kwenye kona kina kipo upande wa nje, mchanga upo upande wa ndani, baina ya kona mbili mkondo unahama toka ukingo huu kwenda ule na hapo ndo pafupi kuliko pote. Maji yanayochezacheza na kumetameta juu chini yake ni mchanga, maji yaliyolala yenye rangi nzito ndo kina. Ukikwama shuka kwenye sehemu unayoona chini tu, usishuke kwenye ukingo wa dimbwi lenye giza, na uvae yeboyebo zenye mkanda au raba, miguu mitupu hapana kuna visiki na magamba.

Viboko wakiwa kwenye dimbwi, gonga ubavu wa mtumbwi taratibu wajue unakuja, watatoa vichwa utawahesabu, alafu pita upande wa maji mafupi. Kiboko akiogopa anakimbilia kina, sasa usikae kati yake na kina. Kama dimbwi ni dogo na wao ni wengi simama, shusha mizigo, pitisheni mtumbwi mchangani. Mwenye mtumbwi akisema tusubiri, msubiri, msimharakishe kwa sababu ya ratiba.

Dada_Nesi_Uyole

Habari zenu, nami nichangie upande wa afya maana wote mnatoka Mbeya mjini kwenye baridi, hamjazoea malaria ya Kyela. Kyela ni joto na maji mengi, mbu wapo mwaka mzima. Kila mtu na chandarua chake ndani ya tenti hata kama tenti ina wavu, mikono mirefu kuanzia jioni, mafuta ya kujipaka ya kuzuia mbu. Na mkisharudi, homa inaweza kuja wiki moja mbili au hata zaidi baadae mkiwa mmeshasahau safari, mtu akisikia homa asimeze panadol akalala, aende kituoni apime siku hiyo hiyo na amwambie daktari nilikua Kyela.

Kichocho nacho kipo ukanda wa ziwa. Kinapatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, sio kwenye mkondo unaokimbia juu ya mchanga. Hamuwezi kuepuka kulowa kwa safari hiyo, ila msikae muda mrefu kwenye maji ya matete, jifuteni mkitoka, na baada ya wiki sita mpaka nane kapimeni. Dawa yake ipo hospitali na ni ya kumeza tu.

Maji ya kunywa chemsheni, ya mtoni hata yakiwa meupe yana ng'ombe wa juu na vyoo vya juu. Bebeni ORS, plasta, dawa ya vidonda, na namba ya simu ya zahanati ya karibu ya kila kijiji mtakacholala. Majaketi okozi yawe sita na yavaliwe, sio yakaliwe.

Kitonga_Juu

Nimekubali hoja ya mvua za juu, hiyo ya mafuriko ya usiku sikuifikiria kwa mto huo, asante @Mpiga_Upondo. Basi mi niongeze kwenye mizigo maana hiyo naijua. Msinunue mabegi ya bei ya kuzuia maji, tafuteni ndoo za rangi za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, zioshwe vizuri, nguo na chakula humo, kila ndoo ifungwe kamba kwenye mtumbwi ila kamba iwe ya kufunguka haraka. Ikidondoka inaelea. Madumu matupu ya lita tano yafungwe mbele na nyuma ya kila mtumbwi, ukijaa maji hauzami. Boti ya mpira bebeni viraka vilivyokuja nayo na pampu, na chini pangeni turubai mizigo isikwaruze.

Uzito uwe chini na katikati. Jiko dogo la gesi linatosha, mkaa ni mzigo.

Mkazi_wa_Kasumulu

Jambo dogo ila litawasumbua. Mkiwa mtoni simu zinashika minara ya Malawi zenyewe, salio linaisha hujui kwanini na data ndo kabisa. Ingieni kwenye mipangilio mzime romingi, mchague mtandao kwa mkono. Na saa, Malawi wapo nyuma yetu saa moja, simu ikishika mnara wao inajirudisha, mmepanga kuamka saa kumi na moja alarm inalia saa kumi na mbili mwenye mtumbwi ameshakaa anawasubiri. Weka saa kwa mkono au vaa ya mshale.

Vitambulisho kila mtu cha taifa mfukoni kwenye nailoni, sio kwenye ndoo. Doria mnaweza kukutana nayo hata kama mlishaaga. Mkitaka kuingia Karonga kutembea chukueni hati ya kusafiria mpite getini siku nyingine, msichanganye na safari ya mto. Drone iacheni nyumbani, mpakani bila kibali ni kesi.

Kijana_wa_Soweto

Wakuu nimeandika yote. Mpango mpya ni huu, Septemba, mimi na mwenzangu tunashuka Kyela wiki moja kabla kuonana na uhamiaji, mwenyekiti na wenye mitumbwi, usiku mmoja tu badala ya miwili, tunalala uwanjani kwa watu upande wetu, tunaishia kijiji cha mwisho kabla ya ziwa, Matema kwa gari. @Mpiga_Upondo nitakutumia ujumbe inbox tupange kuonana, na swali la mwisho, mwenye mtumbwi anarudije na chombo chake juu, maana mkondo unashuka?

Mpiga_Upondo

Anarudi kwa upondo ukingoni kwenye maji mafupi, ni kazi ya siku nzima kwenda juu, kwaio malipo yake yahesabu siku ya kurudi na chakula chake, mkubaliane kabla hamjaingia majini. Au kama gari lenu ni kenta pakieni mtumbwi mumrudishe, hapo atawapunguzia. Inbox ipo wazi, karibuni sana.